Pima Penye Plagi: Mazungumzo na Manahodha na Mafundi wa Boti, Mtwapa

Manahodha, mafundi wenzangu, wenye vyombo, na nyinyi vijana mnaojifunza kazi, asalaam alaykum na habari za asubuhi. Asanteni kwa kuacha shughuli mkaja. Najua masika haya ndiyo wakati vyombo vimepandishwa, kila mtu ana msasa au brashi mkononi, na saa moja ya mazungumzo ni saa moja ya rangi. Nitajitahidi saa yenu isipotee bure.

Kwanza naomba kipande hiki cha waya kipitishwe, kila mmoja akishike. Kimetoka kwenye boti moja ya uvuvi hapa hapa Mtwapa. Ngozi yake ya nje ni nyeusi, nzuri, haina hata mkwaruzo. Sasa kikunjeni. Mnasikia kinavyosagika ndani? Mwisho mmoja nimeuchuna makusudi mwone: mahali pa shaba pana unga wa kijani. Unga huo umepanda ndani ya ngozi karibu dhiraa nzima, na kwa nje huoni kitu. Kwa waya huu mwenye boti alikuwa anategemea rada yake imwonyeshe usiku meli zinazoingia na kutoka bandari ya Kilindini.

Aliniita akaniambia rada imekufa. Ukiiwasha inawaka vizuri, inahesabu sekunde zake, inaandika kwamba iko tayari. Ukibonyeza ianze kurusha mawimbi, antena inazunguka kidogo tu, kioo kinakuwa cheusi, halafu inaanza kujiwasha upya kama mtu aliyezinduka. Fundi aliyetangulia alimwambia magnetroni, kile kifaa cha ndani kinachozalisha mawimbi ya rada, imekwisha. Bwana yule akaagiza rada mpya kutoka ng'ambo, akalipa na ushuru, ikafungwa pale pale, kwenye waya ule ule. Ikafanya vile vile.

Nilipofika sikupanda juu ilipo rada. Nilichukua mita nikaanzia chini. Kwenye betri nikapata volti 12.6, betri haina neno. Nikaenda kwenye plagi nyuma ya kioo cha rada, rada ikiwa imewashwa lakini imepumzika: volti 12.0. Nikamwambia kijana abonyeze irushe. Namba ikaporomoka mbele ya macho yangu hadi 10.1, na kioo kikazima. Kitabu cha rada ile kinasema isipewe chini ya volti 10.8. Kwa hiyo rada ilikuwa inatii kitabu chake. Zote mbili zilikuwa nzima, mpya na ya zamani iliyokuwa imetupwa stoo.

Nafsi yangu iliumia siku ile, wala si kwa sababu ya fedha peke yake. Mtu alikuwa amevuka usiku mara kadhaa akiamini kwamba kifaa kimemsaliti, na hakuna aliyewahi kumwambia apime penye plagi, kifaa kikiwa kazini. Hilo ndilo lililonileta hapa leo. Betri inayopimwa wakati hakuna kinachotumika itakuambia volti 12.6 hata kama waya umebaki na uzi mmoja mzima, kwa sababu umeme usipopita hakuna kinachopotea njiani. Hasara huonekana pale tu mzigo unapoanza kuvuta.

Sasa nieleze kwa nini rada inazima ikirusha na haizimi ikipumzika, maana hapo ndipo wengi hudanganyika. Mtu husoma kwenye boksi kwamba rada yake ni ya kilowati 4, akaogopa, akadhani inahitaji jenereta. Mwingine hutazama fyuzi yake ndogo, akasema basi inakula kidogo, waya wowote utafaa. Wote wawili hawajaona kinachotendeka ndani.

Mmewaona mama zetu wakitwanga. Mkono unapandisha mchi taratibu, nguvu inakusanyika huko juu, mchi ukishuka ndipo kishindo. Rada ya magnetroni hutwanga hivyo hivyo. Inachukua umeme kidogo kidogo kutoka kwenye betri, inaupandisha hadi maelfu ya volti, inaukusanya, kisha inauachia kwa mshindo mmoja mfupi mno. Ukichagua masafa marefu, mshindo mmoja waweza kuchukua sehemu 0.8 ya milioni moja ya sekunde, na ndani ya sekunde moja inapiga karibu mishindo 600. Jumlisha mishindo yote hiyo: katika sekunde nzima rada imerusha kwa muda usiofika nusu ya elfu moja ya sekunde. Ndiyo maana hizo kilowati 4, ukizitandaza sawasawa, ni kama wati 2 tu zinazotoka kwenye antena. Unachokilipa kwenye betri ni kupasha moto magnetroni, kuzungusha mota ya antena, kulisha kioo na kompyuta zake. Vyote kwa pamoja kwenye boti kama hizi zetu tuseme wati 60, yaani ampea 5 kwa betri ya volti 12.

Ampea 5 ni kidogo. Lakini ugavi wa umeme ulio ndani ya rada una tabia moja ambayo taa na feni hazina. Taa ya kizamani ukiinyima volti inafifia na kula kidogo. Rada ukiinyima volti inavuta ampea zaidi ili itimize wati zake 60. Ikipewa volti 12 inavuta ampea 5, ikipewa 10.8 inavuta zaidi ya 5.5. Kadiri inavyovuta zaidi, waya mwembamba unazidi kumeza volti, na volti zikishuka inavuta zaidi tena. Inateremka ngazi hiyo kwa kasi hadi inajizima yenyewe kujinusuru. Kwenye mapumziko hailegei kwa sababu mota imesimama na mchi haujapandishwa.

Na wale wenye antena ndefu ya wazi inayozunguka bila kifuniko, tafadhalini sikieni hili. Kusi likivuma, mota ile inapambana na upepo, na inakula umeme zaidi ya siku ya shwari. Ukipima siku ya matlai tulivu gatini ukaona imetosha kwa shida, jua baharini haitatosha.

Tufanye hesabu, ni ya darasa la sita, msiiogope. Shaba ina ukinzani, yaani inauzuia umeme kidogo, nao hupimwa kwa omu. Waya wa shaba wenye urefu wa mita 1 na unene wa milimita 1 ya mraba una kama 0.0175 omu. Kutoka betri hadi kwenye rada, kwa kufuata kona za chombo, tuseme ni mita 12. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo hesabu mita 24. Hapa ndipo vijana wengi hukosea, wanahesabu kwenda tu. Waya wa unene wa milimita moja na nusu za mraba: 0.0175 mara 24 gawanya kwa 1.5, unapata 0.28. Zidisha kwa ampea 5: volti 1.4 zimebaki njiani. Betri ya 12.2, ambayo ni betri iliyobakiwa na nusu ya chaji, itafikisha 10.8. Umeshagusa mpaka, hata kabla hujahesabu kutu.

Waya wa milimita nne za mraba: unapoteza kama nusu volti. Wa milimita sita, tunaouita waya wa sita: unapoteza 0.35. Wamarekani, kupitia baraza lao la maboti ABYC, wana kanuni yao E-11 inayosema taa za safari na vifaa vya kuongozea chombo visipoteze zaidi ya asilimia 3. Asilimia 3 ya volti 12 ni 0.36. Kwa hiyo waya wa sita umepita, tena kwa unywele. Najua mnachofikiri. Waya wa sita kwa rada inayokula ampea 5, si ufujaji? Fundi wa nyumba angetucheka, maana ukutani waya wa sita unalisha jiko. Lakini yeye ana volti 240. Akipoteza moja na nusu hakuna atakayejua. Sisi tuna 12 tu, na kila volti ina kazi.

Nahodha mmoja, mzee wangu aliyekaa pale mbele, aliniuliza tulipokuwa tunakunywa kahawa: je, chombo chenye volti 24? Mzee, hapo umepata nafuu kubwa. Wati zile zile 60 zitavuta ampea 2.5, na kwa waya ule ule hasara yako kwa asilimia inakuwa robo. Rada nyingi za boti zinapokea kuanzia volti 10.8 hadi 31.2, lakini soma kibandiko cha yako kabla ya kuunga. Ila ninakuomba jambo moja. Betri zako mbili za 12 zimeungwa mfululizo kupata 24. Usikubali fundi yeyote akuchotee 12 kutoka betri moja kwa ajili ya redio au taa. Ile inayochotwa itakuwa na njaa kila siku, mwenzake itajazwa kupita kiasi hadi ichemke, na zote mbili zitakufa mapema. Weka kifaa cha kushusha 24 kuwa 12, kivute kutoka zote mbili.

Turudi kwenye waya wenyewe, maana dukani kuna hatari siku hizi. Waya wa chombo cha baharini uwe wa nyuzi nyingi nyembamba, kwa sababu boti haikai kimya na waya wa uzi mmoja wa nyumbani hukatika kwa mtikisiko. Na kila uzi uwe umepakwa bati. Shaba tupu ikipata chumvi huvaa ule ukijani mlioushika, na ukijani hutembea ndani ya ngozi kama maji yanavyopanda kwenye utambi.

Nyuzi zilizopakwa bati zina rangi ya fedha. Basi wako wanaouza aluminiamu, kwa kuwa nayo ina rangi hiyo hiyo. Na wako wanaouza kibaya zaidi: aluminiamu iliyovikwa ngozi nyembamba ya shaba, inang'aa wekundu, mwenye duka mwenyewe pengine hajui. Ukinzani wake ni zaidi ya shaba kwa nusu nyingine na zaidi, na chumvi inaila upesi. Nitawaonyesha njia ya kuipambanua, haihitaji mita. Chukua uzi mmoja, uweke kwenye ukucha wa dole gumba, ukwangue kwa ncha ya kisu. Huu hapa wa kwanza: nje mweupe, nimekwangua, ndani mwekundu. Hii ni shaba iliyopakwa bati, nunua. Huu wa pili: nje mwekundu, nimekwangua, ndani mweupe. Huu urudishe, hata kama bei yake ni nusu. Pitisheni vyote viwili, na kisu hiki, jikwangulieni wenyewe. Ukishauona kwa jicho lako hutausahau.

Sasa viungo. Katika kazi yangu, hasara niliyoikuta mara nyingi zaidi imekaa kwenye viungo. Kwenye boti ile ya waya wa kijani, waya mwembamba ulikuwa umekula nusu ya volti zilizopotea. Nusu nyingine ililiwa na kiungo kimoja, cha upande wa hasi, kilichosokotwa kwa vidole kikazungushiwa utepe mweusi na kuachwa kwenye ngama, kule chini ya chombo maji yanakokusanyika. Upande wa hasi husahauliwa. Watu huweka fyuzi na swichi na uangalifu wote kwenye chanya, halafu hasi wanaishika popote penye bolti. Umeme unaorudi ni sawa kabisa na ule uliokwenda, tone kwa tone.

Kijana, njoo hapa tufunge lagi moja, kile kichwa cha chuma cha mwisho wa waya, mbele ya watu. Chuna ngozi kiasi cha kuingia kwenye lagi tu, isibaki shaba tupu nje. Angalia hujakata uzi hata mmoja. Ukikata, kata mwisho uanze upya. Kabla ya yote pitisha mrija wa kujibana kwa moto, ule wenye gundi ndani, usukume mbali nyuma. Tumesahau mara ngapi, ukamaliza kufunga ndipo unakumbuka mrija? Ingiza nyuzi mpaka uzione upande wa pili. Bana kwa koleo la lagi lenye meno yake, lile lisiloachia mpaka libane sawasawa. Koleo la kawaida linabonyeza tu, halifungi. Sasa vuta. Vuta kwa nguvu, kama unataka kuung'oa. Ukitoka leo ni heri, kuliko utoke baharini kwenye Mkondo wa Pemba. Haukutoka. Rudisha mrija, upashe moto taratibu kuanzia katikati, mpaka gundi itokeze kidogo pande zote mbili. Gundi ikitokeza ndipo maji hayana mlango.

Kuna fundi ameinua mkono tangu mwanzo, najua anataka kuniuliza habari ya kulehemu. Mimi nimelelewa na mafundi wa redio na ninaiheshimu lehemu. Lakini pale lehemu inapoishia ndani ya nyuzi, waya unakuwa mgumu kama kijiti, na mbele yake bado ni laini. Mtikisiko wa injini unakunja pale pale penye mpaka, usiku na mchana, mpaka nyuzi zinakatika moja moja. Hata kanuni hiyo ya ABYC haikubali lehemu peke yake iwe ndiyo kishikio cha kiungo. Bana kwanza. Na waya wote ushikwe kwenye ubavu wa chombo kila sentimita 45, usining'inie. Ukifika kwenye kifaa uache ushuke kidogo kisha upande, maji yanayofuata waya yadondokee pale kwenye tumbo, yasiingie kwenye plagi.

Kiungo kwenye ngama kina dhambi ya pili. Chanya ikivujia kwenye maji ya chumvi ya ngama, umeme unatafuta njia ya kurudi kupitia vyuma vya chombo: mhimili, rafadha, vali za maji. Chuma kinacholiwa na umeme wa namna hiyo hakingoji miaka kama kutu ya kawaida. Rafadha mpya inaweza kuharibika kwa muda mfupi sana, na mwenye chombo akalaumu aliyemuuzia.

Nije kwenye betri na injini, na hapa nawaombeni utulivu wenu wote, hasa manahodha wa boti za injini mbili.

Umewahi kuwa usiku kwenye Mkondo wa Pemba mvua ikakushukia ghafla? Ukungu kwetu si desturi, lakini ile mvua ya pazia, huoni hata omo ya chombo chako mwenyewe. Rada zetu hutumia wimbi la sentimita 3, nalo hugonga matone ya mvua likarudi, kwa hiyo hata rada nzima itahitaji mkono wa nahodha anayejua kuisafisha picha. Sasa ulikuwa unaburura ndoano kwa injini moja. Mvua imekuja, unawasha taa zote, unawasha vifuta kioo, pampu ya ngama inaanza yenyewe, unawasha na ile injini ya pili. Stata, mota ya kuwashia injini, inavuta mamia ya ampea. Kama rada iko kwenye betri ile ile, volti zinazama chini ya 10 kwa sekunde moja au mbili. Rada inazima.

Injini imewaka, volti zimerudi, rada nayo inawaka. Lakini ni ya magnetroni. Lazima ipashe moto kwanza. Zipo zinazohesabu sekunde 90, zipo zinazofika dakika 3. Tuseme 2. Wewe unakwenda noti 20. Meli ya makontena inakuja kwa noti 15, imekuelekea. Kwa dakika 2 hizo umbali kati yenu umepungua kwa zaidi ya kilomita 2, maili nzima ya bahari na ushee, na wewe unatazama kioo kinachohesabu namba kurudi nyuma. Niliwahi kukaa kwenye chombo wakati ule wa kuhesabu. Nahodha alizima mwendo akatoka nje kwenye mvua akasikiliza kwa masikio. Alifanya sawa. Lakini hakupaswa kufikishwa pale kwa sababu ya betri.

Rada, GPS na redio ziwe na betri yao, mbali na ya stata. Hasi za betri mbili ziungane, chanya zitengane, na katikati kuwe na kile kifaa kinachoziunganisha zichajiwe pamoja injini ikifanya kazi na kuzitenganisha ikizimwa. Rada iwe na saketi yake, na breka au fyuzi yake, isichangie waya na pampu wala friji. Na swichi ile kubwa ya kuzungusha ya kuchagua betri, injini ikiwa inafanya kazi, isipitishwe kamwe mahali pa kuzima. Altaneta ikikosa betri ghafla, umeme wake unaruka juu. Diodi zake zinaungua, na mruko huo unaweza kupita moja kwa moja hadi kwenye vifaa vyako vya thamani.

Kwa wavuvi wa samaki panga wanaokesha wakielea injini zikiwa zimezimwa, betri ya Ah 100, yaani ampea 100 zikizidishwa kwa saa, msiihesabu kuwa 100. Betri ya risasi ukiishusha chini ya nusu kila usiku unaifupishia maisha. Hesabu 50. Rada na kioo chake ampea 5, kifaa cha kutafuta samaki 2, taa za LED na redio inayosikiliza tu tuseme 1.5. Ni 8.5. Ukianza saa moja usiku, kufika saa saba kabla ya alfajiri hata haijaota umekwisha. Ama weka betri mbili, ama iwashe rada kwa zamu, na rada nyingi zina mpangilio wa kujiwasha kwa dakika kadhaa na kupumzika kadhaa. Lakini usisahau kwamba mashua ya mbao na dau la mvuvi mwenzako havirudishi mwangwi wa kuaminika. Hao huwaoni kwa rada peke yake, unawaona kwa macho. Kanuni za kuzuia migongano baharini za mwaka 1972 zimeagiza mtu wa kuangalia na kusikiliza kwa wakati wote kwenye kanuni ya 5, na kanuni ya 7 inasema rada ikiwepo na ikiwa inafanya kazi lazima itumike. Zote mbili ni amri.

Fyuzi. Fyuzi ya kwanza ikae karibu na betri, ABYC inataka isizidi sentimita 18 au hivi kutoka kwenye chanya, yaani shibiri pungufu. Sababu ni kwamba fyuzi ile inalinda waya. Ukiiweka kule juu penye rada, waya wote wa mita 12 unaotoka betri umebaki bila mlinzi. Ukichubuka kwenye ukingo wa kiunzi ukagusa chuma, betri itamwaga mamia ya ampea, ngozi itawaka, na boti ya faiba ikishika moto mnajua wenyewe inavyokwenda. Nimekuta fyuzi iliyozungushiwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Nimekuta msumari. Aliyeweka msumari alikuwa na watoto chomboni. Fyuzi za akiba bei yake ni ya chai na mandazi. Nunua kumi, za ampea zilizoandikwa kwenye kitabu cha rada yako, zibandike kwa utepe ndani ya mlango wa kabati.

Dira nayo. Umeme unaopita kwenye waya mmoja peke yake karibu na dira unaisogeza. Nyaya zako mbili za rada, chanya na hasi, zisokotwe pamoja, kila mmoja unafuta athari ya mwenzake. Kichwa cha rada kina sumaku ndani, kwa hiyo fuata umbali ulioandikwa kitabuni. Kisha jaribu mwenyewe: chombo kimetulia gatini, tazama dira, washa rada, tazama tena. Ikisogea, hamisha. Na kebo ya antena ya redio usiifunge fungu moja na waya wa rada, la sivyo utasikia mlio kwenye redio kila mara unapomsubiri mtu akujibu.

Neno la mwisho kwa vijana wanaopanda mlingotini. Kabla hujapanda, zima rada, chomoa fyuzi, itie mfukoni mwako. Mfukoni mwako, usimpe mtu akushikie. Mtu aliye chini hakuoni, anaingia kivulini, anabonyeza. Na ukifungua kifuniko, subiri. Ndani mna umeme wa maelfu ya volti unaoweza kubaki umejificha hata baada ya kuzimwa. Kama hukufundishwa kuufanyia kazi, usifungue.

Basi. Boti ile ya buluu pale kwenye vigogo, mwenyewe ameniruhusu tuijaribu. Mita ninayo. Betri zake zimechajiwa tangu jana. Tutaweka ncha moja ya mita kwenye chanya ya betri na nyingine kwenye chanya ya plagi ya rada, rada ikirusha, na namba itakayotokea ndiyo hasara ya upande wa chanya. Kisha upande wa hasi vivyo hivyo. Ikizidi 0.36 kwa pamoja tutautafuta waya wote mpaka tujue imekaa wapi. Nahitaji waya mrefu wa kuongezea mita, na mtu mmoja wa kubonyeza. Wengine kaeni mbali na kichwa cha rada, kwa kuwa chombo kiko nchi kavu na kimeinuka usawa wa nyuso zenu.